Kitanda Kile Kilichukuliwa na Watu Wanne

Mahubiri juu ya Marko 2:1–12



Habari ya mwenye kupooza wa Kapernaumu twaijua tangu utoto. Bwana yumo nyumbani, watu wamejaa hata mlangoni hapana nafasi. Wanakuja wengine wamemchukua mgonjwa wao, nao hawapati njia. Ndipo wanapopanda juu ya nyumba, wanaitoboa dari, wanamteremsha pamoja na kitanda chake. Bwana akaiona imani yao, akamwondolea mgonjwa dhambi zake, kisha akamwinua. Mara nyingi tumehubiri juu ya mamlaka hayo ya kuondoa dhambi, na hicho ndicho kiini cha habari. Lakini leo nawaomba mtazame neno dogo ambalo Marko peke yake amelitia, wala Mathayo na Luka hawakulitaja. Ni hesabu ya wachukuzi. Walikuwa wanne.

Mtu aliyepata kumchukua mgonjwa kwa kitanda ajua maana ya hesabu hiyo. Wazee wetu wakumbuka jinsi wagonjwa walivyochukuliwa kwa machela kutoka vijijini mpaka hospitali ya Ndanda au ya Mkomaindo, kabla pikipiki hazijajaa njiani. Watu wawili waweza, lakini si mwendo mrefu. Wanne hufika. Mtu mmoja hawezi hata kukiinua kitanda. Atakiburura tu, mpaka yeye achoke au mgonjwa aanguke.

Nasema haya kwa sababu ya binti mmoja wa Lupaso, katika wilaya ya Masasi. Umri wake ni miaka kumi na tisa. Alikuwa kidato cha tatu mama yake alipopigwa na kiharusi. Baba hayupo, na nyuma yake kuna wadogo wawili. Tangu siku ile yeye humwogesha mama, humgeuza kitandani usiku asipate vidonda, huchota maji, hupika, hulima, huwapeleka wadogo shuleni, na kila mwezi huitafuta nauli ya kwenda kuchukua dawa. Nyumba ya namna hii haiko Lupaso peke yake. Huko juu Newala, ambako maji yamekuwa taabu tangu zamani, nyumba hizo zipo, nazo zaongezewa mzigo wa ndoo. Kila mwalimu asomaye ukurasa huu aweza kuitaja ya mtaa wake pasipo kufikiri.

Siku moja nalitoka ibadani, nikapita kwake kama ilivyo desturi ya kuwatazama wagonjwa. Akanipokea kwa adabu.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mama aendeleaje?”

“Hajambo kidogo, twashukuru.”

Nikaingia, nikasoma Zaburi, nikaomba. Nikamsifu binti mbele ya mama yake, ya kuwa yeye ni kielelezo kwa vijana wote wa mtaa. Akainamisha kichwa. Nilipokwisha kuaga akanifuata hata uani, akasema kwa sauti ndogo, “Samahani, mwalimu. Je, kesho asubuhi hakuna mtu wa kukaa na mama? Korosho zimeanguka siku tatu, nami sijaziokota.” Nikamjibu ya kuwa kesho nina kikao. Ndugu zangu, kikao chenyewe kilikuwa cha kupanga sikukuu ya mavuno.

Nalikwenda zangu, na neno la Bwana katika Marko sura ya saba likanifuata njiani. Pale awakemea Mafarisayo kwa ajili ya Korbani. Mtu mwenye mali iliyopasa kumsaidia baba au mama aliweza kuitangaza kuwa ni wakfu kwa Mungu, naye akajiona amefunguliwa wajibu. Maneno yalikuwa matakatifu, na mzee alibaki na njaa. Sisi hatuna Korbani ya namna ile, tuna sifa. Twamsifu kijana anayeuguza, twamtaja katika maombi ya kanisa, na tukiisha kumtaja twarudi nyumbani tukiwa wepesi. Yeye abaki na kitanda.

Mtu atauliza: Je, haikuandikwa kwamba mtoto amheshimu baba na mama? Imeandikwa, nayo ni amri ya nne katika Katekisimo Ndogo tunayowafundisha vijana wa kipaimara. Hakuna anayetaka kuiondoa. Binti huyu haombi kufunguliwa amri; sikumsikia hata mara moja akinung’unika juu ya mama yake. Lakini Luther, alipoieleza amri hiyo hiyo katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, hakuwasemesha watoto peke yao. Aligeuka akawaambia wazazi na wakubwa kwamba wao nao watatoa hesabu mbele za Mungu juu ya malezi ya vijana, na kwamba vijana wafundishwe mambo ya kuwafaa. Amri ina pande mbili, nasi tumezoea kuusoma upande ulio mwepesi kwetu.

Tena mtazameni Bwana mwenyewe msalabani, katika Yohana sura ya kumi na tisa. Mama yake amesimama pale, na mwana aliyepaswa kumtunza anakufa. Hakumwachia malaika, wala hakumsifu tu kwa uvumilivu wake. Alimtafutia nyumba. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyesimama karibu, mtu ambaye hakuwa mwana wake, naye akamchukua kwake tangu saa ile.

Hapa sharti niseme neno juu ya wajomba. Sisi wa nchi hii, Wamakua, Wayao na Wamakonde, tangu asili tumehesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa mtu mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Neno hilo lilikuwa na mzigo wake. Siku hizi naona wajomba wengi wameushika ukubwa na kuutua mzigo. Huonekana wakati wa mahari na wakati wa kugawanya mikorosho ya marehemu; lakini dada alipolala miaka mitatu hawakupata nauli. Je, wewe mjomba usomaye, dada yako hajambo?

Sasa nataka kusema juu ya shule. Watu hujibu upesi ya kuwa elimu ni bure. Ni kweli kwa sehemu kubwa, nasi wa upande huu tuna sababu ya kukumbuka, kwa kuwa ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001 katika siku za Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, aliyezaliwa mwaka 1938 na kuzikwa kijijini kwao Julai 2020. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ikafuata mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini ada haikuwa mlango pekee uliofungwa. Shule yataka mtu awepo. Kijana huyu huchelewa kwa sababu mama hakulala. Siku ya kliniki haji kabisa. Akirudi hukuta somo limepita na adhabu inamngoja. Na mwanafunzi asiyeonekana siku 90 mfululizo huandikwa mtoro. Neno hilo laniuma. Yule aliyekimbilia minadani ni mtoro, na huyu aliyebaki kumlisha mama yake ni mtoro. Daftari halina safu ya kuwatenga.

Luther aliliona jambo hili zamani. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani, akiwahimiza wafungue shule. Wazazi walisema hawawezi kuwatoa watoto, maana wanahitajiwa nyumbani. Hakuwatukana. Alisema mtoto aende shule saa moja au mbili kwa siku, saa nyingine afanye kazi za nyumbani na kujifunza ufundi, naye binti pia apate saa yake. Alipunguza saa ili kazi ya nyumbani isimnyime mtoto kitabu. Nasi twaweza kufikiri vivyo hivyo.

Mwalimu wa kanisa aweza kufanya kazi ya asubuhi moja yenye matunda ya miaka mingi: aende kwa mkuu wa shule kabla ya siku zile kutimia, aeleze habari za nyumba ile. Kama kijana amekwisha kutoka, akumbuke Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliowafungulia njia ya kurudi wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali. Wengi wetu tuliusikia kama waraka wa wasichana waliojifungua. Haukuwa wa hao peke yao. Lakini kukawia kwaweza kumnyima nafasi, basi asingoje. Na kwa yule aliyepita umri kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1975. Husomesha masomo ya sekondari nje ya shule za kawaida, na mtu aweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Vitabu aweza kuvisoma kando ya kitanda. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza hesabu jioni mbili kwa juma. Na katika sharika zetu wamo walimu wastaafu wanaokaa barazani.

Juu ya kazi nitasema machache. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kipo Masasi, katika vyuo vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden; na VETA ipo Mtwara. Lakini mafunzo ya kukaa mbali hayamfai mwenye mgonjwa ndani. Afadhali fundi wa karibu. Fundi cherehani au fundi baiskeli aliye Mkristo ampokee kijana alasiri mbili kwa juma, bila kumdai ada na bila kumgeuza mtumishi wa kufagia. VETA huwapima mafundi waliojifunza kazi nje ya chuo na kuwapa cheti, kwa hiyo jasho hilo halipotei.

Ila jambo la fedha ndilo nililoliona kwa undani zaidi, nami nitakaa hapo.

Mkorosho haungoji mgonjwa apone. Mwezi wa Mei na Juni watu huanza kupulizia salfa, ili ubwiri unga usiyaue maua. Kijana ambaye hakuwa na fedha ya salfa, au hakuwa na mtu wa kumwachia mama siku za kupulizia, amekwisha kupoteza mavuno ya Oktoba kabla hayajaonekana. Halafu huja Julai au Agosti. Mama azidiwa, nauli na dawa zatakiwa leo, si kesho. Ndipo afikapo mtu mwenye maneno laini na fedha mkononi. Huyo ni mtu wa kangomba. Hununua korosho zingali mtini, kwa kipimo chake mwenyewe na bei yake mwenyewe. Tangu mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani uliletwa katika mkoa wetu ili mkulima auze kwa mnada kupitia chama chake cha msingi. Lakini mnada huja wakati wa mavuno, na homa huja Julai. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wako wakulima waliosimama wakitazama, kwa kuwa korosho zao zilikuwa zimekwisha kuwa za mtu mwingine.

Serikali imekataza kangomba, nasi twaihubiri kuwa ni dhambi. Vema. Lakini mahubiri hayamlipii mama nauli ya Ndanda. Kama usharika ungekuwa na fedha kidogo mwezi wa Julai ya kumkopesha kijana huyu pasipo riba, arudishe baada ya mnada, kangomba asingepata mlango. Twaweza kuchanga maelfu kwa maelfu kwa sherehe za unyago na jando baada ya mavuno, ngoma usiku kucha na nguo mpya kwa kila mtu. Sisemi watu wasifurahi. Nasema sehemu ndogo ya fedha hiyo, ikiwekwa Novemba na kukaa mpaka Julai, ingetosha.

Kuna fundo jingine. Malipo ya mnada huingia katika akaunti ya benki ya yule aliyeandikwa katika chama cha msingi. Aliyeandikwa ni mama, na mama hawezi kushika kalamu wala kusema wazi. Fedha yaonekana, haiguswi. Kijana aenda benki, arudishwa. Aenda chamani, aambiwa alete barua. Na kila safari ni nusu siku mama akiwa peke yake. Hapa mzee wa kanisa mwenye sauti, anayejulikana kwa mtendaji wa kijiji, aongozane naye mara moja, mambo yaandikwe kwa taratibu mgonjwa angali hai na akili zake zingali nzima. Wakati huo huo iandikwe mikorosho ipi ni ya nani. Nimeona shamba lililolimwa na binti miaka minne likichukuliwa na jamaa siku ya arobaini.

Misaada ya serikali nayo ina mlango wake, na mlango huo mara nyingi ni mkutano wa kijiji. TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na tangu mwaka 2012 ilipeleka ruzuku kwa kaya maskini, ambazo majina yao yalitajwa mbele ya watu mkutanoni. Sasa nani asiyeweza kuja mkutanoni? Ni yeye anayeuguza. Asiyekuwapo hakutajwa. Kadhalika mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia kumi ya mapato iliyowekwa katika sheria mwaka 2018: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi, na kikundi hakimtaki mtu anayekosa vikao. Basi vijana wa kwaya, mnaotaka kuunda kikundi, mwandikeni yule asiyeweza kuja mazoezini, nanyi mkutane uani kwake.

Haya si mambo mapya kwa Walutheri. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, katika nchi ya Saksonia, uliweka sanduku la pamoja, na Luther akaandika dibaji ya taratibu zake. Fedha ya sanduku ilikuwa ya mchungaji na ya shule, na pia ya wazee wasiojiweza, ya yatima, na ya kuwakopesha waliokwama katika kazi zao. Sanduku lilikuwa na makufuli manne, kila moja na ufunguo wake: mmoja kwa wakuu wa nchi, mmoja kwa baraza la mji, mmoja kwa raia wa mji, mmoja kwa wakulima wa vijijini. Halikufunguka mpaka wote wanne wawepo. Sitawaficha kwamba mambo hayakwenda vizuri. Baraza la mji lilisita kukabidhi mali, na Luther alilazimika kumlalamikia Mtawala. Basi tusishangae tukikuta ugumu wa namna hiyo Masasi.

Na tukitoa, tutoe kama Boazi. Ruthu alikuwa kijana mgeni mwenye mkwe mzee wa kulisha. Boazi aliwaagiza wavunaji wake waache masuke makusudi mahali atakapopita, wala wasimwaibishe. Ruthu alirudi jioni na shayiri aliyoiokota kwa mikono yake. Kwa hiyo msimsimamishe binti wa watu mbele ya kanisa apokee unga huku akipigwa picha.

Tena msisahau kwamba yeye ni kijana. Ataka kuimba kwaya, ataka kucheka na wenziwe, labda ataka kuolewa. Nalimsikia mama mmoja akisema binti huyu “amekwisha kuwa mtu mzima.” Hakuwa. Alichoka tu.

Sisi Walutheri tu wachache katika nchi hii. Waanglikana walifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wakajenga Ndanda mwaka 1906, na jirani wengi ni Waislamu. Kitanda cha mgonjwa hakiulizi dhehebu, wala wale wanne wa Kapernaumu hawakuandikwa majina. Mtu akija kushika pembe moja, apewe.

Baada ya sikukuu ya mavuno nalirudi kwa binti yule, nikamwomba radhi. Kisha nikakaa na wazee wa kanisa wawili, tukaandika siku saba katika karatasi moja. Mama mchungaji amechukua Jumatatu, na umoja wa wanawake Jumanne na Ijumaa. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye ni Mwislamu, alisikia habari akaja mwenyewe, akachukua Jumamosi. Jumapili wanakaa vijana wawili kwa zamu, ili binti aje ibadani. Mjomba wake ameandikiwa barua, naye amejibu kwamba atatuma fedha ya salfa mwezi wa Mei, twamngoja. Alhamisi ni yangu mimi. Jumatano bado haina mtu.